Juzuu la II la sensa ya 2019: linatosha kuujua mji mdogo kama Mazeras?

Mtu wa Mombasa anayetaka kufungua agroveti Mazeras, kuchimba kisima Mariakani au kupeleka ombi la zahanati huko nyuma ya Rabai hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: pale pana watu wangapi, na wamekaa vipi? Mwenye pesa zake haridhiki akiambiwa "watu ni wengi". Anataka nambari, na anataka kujua nambari hiyo imetoka wapi.

Nambari zipo, tena bure. Ripoti ya sensa iliyofanywa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 ilianza kutolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya (KNBS) Novemba mwaka huohuo, ikiwa na majuzuu manne. La I linaishia kaunti ndogo. La II linashuka hadi lokesheni ndogo, yaani eneo la naibu wa chifu mmoja. La III ni la umri na jinsia. La IV ni la hali ya maisha: maji ya kunywa yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, taa inawashwa kwa nini, chakula kinapikwa kwa nini. Yote manne hupakuliwa kwenye tovuti ya shirika kama faili za PDF.

Kati ya hayo, la II ndilo linalostahili kukaa kwenye simu ya kila anayefanya kazi na miji midogo ya huku kwetu. Lakini kuna jambo ambalo asipolijua msomaji atapotezwa na nambari zilizo sahihi kabisa: mstari mdogo kuliko yote kwenye jedwali ni wa lokesheni ndogo, na lokesheni ndogo si mji. Ndani yake mna maduka ya barabarani, mna mashamba ya mahindi, mna malisho, na pengine mna bonde zima lisilo na nyumba hata moja. Mapitio haya yanahusu zaidi jambo hilo na namna ya kulitatua.

Tuanze na uzuri wake. Kaunti zimepangwa kwa nambari zake rasmi, kwa hiyo Mombasa ni ya kwanza, Kwale ya pili, Kilifi ya tatu. Msomaji wa Pwani hana haja ya kuburura kurasa mia mbili. Kila mstari una idadi ya watu, wanaume, wanawake, idadi ya kaya, eneo kwa kilomita za mraba na msongamano. Hesabu zinafungana. Chukua kaunti ndogo sita za Mombasa: Changamwe 131,882, Jomvu 163,415, Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Mvita 154,171 na Nyali 216,577. Zijumlishe utapata 1,208,333, ileile iliyoandikwa kwenye mstari wa kaunti. Kilifi nayo ukizijumlisha kaunti ndogo zake tisa, kuanzia Chonyi yenye watu 62,335 hadi Rabai yenye 120,813, unafika 1,453,787 bila kubaki hata mtu mmoja. Kwa kitabu cha ukubwa huo, hilo linatia imani.

Pahali pamoja hesabu huonekana kama haifungani. Wanaume wa Mombasa ni 610,257 na wanawake 598,046; jumla 1,208,303. Wamepungua 30. Usiandike barua ya malalamiko: hao 30 ni huntha, yaani watu waliozaliwa na dalili za kiume na za kike pamoja, ambao sensa hii ndiyo ya kwanza nchini kuwahesabu peke yao. Nchi nzima walipatikana 1,524. Kwenye lokesheni ndogo tofauti ya mtu mmoja au wawili kati ya jumla na jinsia mbili ina maana hiyohiyo.

Neno "kaya" nalo linataka uangalifu, hasa kwa msomaji wa Pwani. Kwa Mmijikenda, kaya ni msitu mtakatifu wa wazee, kama zile za Rabai zilizoingizwa pamoja na nyingine katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwenye sensa, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Si nyumba, na si paa. Ukichanganya hapa umeharibu hesabu yote inayofuata, kwa sababu mji na shamba havifanani. Mazeras barabarani, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vya kupangisha ni paa moja, lakini inaweza kuwa na kaya sita, kila moja na jiko lake ukumbini. Ukiingia ndani kwa Waduruma au Wagiriama, boma moja lina nyumba ya mzee, nyumba ya mke wa pili, kijumba cha kijana, jiko na ghala la mahindi: mapaa matano, na pengine chungu ni kimoja au viwili. Anayehesabu mapaa kwenye picha ya setilaiti na kuzidisha kwa idadi moja tu atakosea pande zote mbili, mjini atapunguza, shambani atazidisha.

Wastani wa watu kwa kaya unaonyesha tofauti hiyo. Mombasa ina kaya 378,422, sawa na watu 3.2 kwa kaya. Kwale na Kilifi wanakaribia watano. Mji mdogo ulio njiani kati ya Mombasa na bara hukaa katikati: vyumba vya vijana wa kibarua na walimu wapangaji vinaushusha wastani, maboma ya pembeni yanaupandisha. Ukitaka wastani wa pahali penyewe usichukue wa kaunti. Gawanya idadi ya watu wa lokesheni ndogo kwa kaya zake. Nambari zote mbili ziko kwenye mstari mmoja.

Sasa kasoro. Chukua mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Lokesheni ndogo ina watu 9,000 kwenye kilomita za mraba 30. Jedwali litakuandikia msongamano wa 300. Lakini tuseme nusu ya watu hao, 4,500, wamebanana kwenye kilomita moja ya mraba kando ya barabara kuu. Pale msongamano ni 4,500, unakaribia ule wa Kaunti ya Mombasa kwa jumla, ambao ni 5,495. Nusu iliyobaki imetawanyika kwenye kilomita 29, wastani wa watu 155. Ile 300 haipo popote ardhini. Mwenye duka akiitumia ataona pahali ni pa shamba tupu. Mwenye zahanati akiitumia atadhani wagonjwa wote wako karibu. Hilo si kosa la waliohesabu. Eneo la utawala lilichorwa kwa ajili ya chifu, halikuchorwa kwa ajili ya muuza dawa.

Ripoti ina pia orodha ya vituo vya mijini, na hapo ndipo pa kuanzia kama mji wako umo. Kwa sensa, kituo cha mjini ni makazi yaliyokaa pamoja yenye watu wasiopungua 2,000, bila kujali mipaka ya utawala. Sheria ya maeneo ya miji na majiji ya 2011, baada ya kurekebishwa 2019, ina ngazi zake: kituo cha soko watu 2,000, mji 10,000, manispaa 50,000, jiji 250,000. Msichanganye mambo haya mawili. Pahali panaweza kuitwa pa mjini kwenye sensa bila kuwa na hadhi yoyote ya kisheria, na wenye vibanda wasione takataka zikizolewa.

Mazeras ndiyo inayofichua udhaifu wa jedwali kuliko miji mingine ya karibu. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, baada ya Miritini unaanza kupanda kutoka uwanda wa pwani. Mji umekaa juu ya mawe ya mchanga yanayoitwa kwa jina lake, na vile vibamba bapa vya Mazeras vinavyotandikwa kwenye nyua na vijia nchi nzima vimechukua jina hapo. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, inapita. Bomba kubwa la maji kutoka chemchemi za Mzima linafika kwenye matangi ya hapo kabla ya kushuka kisiwani. Njia ya kwenda Rabai na Kaloleni inachepuka hapo. Na mpaka wa Kilifi na Kwale nao unapita hapo. Mteja anavuka barabara kununua unga na amebadilisha kaunti.

Maana yake ni kwamba hakuna mstari mmoja wa Mazeras utakaokupa soko lote. Upande mmoja uko chini ya Rabai, Kaunti ya Kilifi. Upande wa pili uko kurasa zilizotangulia, chini ya Kwale. Fungua pande zote mbili, chukua lokesheni ndogo zinazogusana na mji, ujumlishe mwenyewe. Mariakani nayo imekaa mpakani namna hiyohiyo, na ina jambo jingine: sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku ule. Mji wa mizani na malori una wasafiri waliolala pale usiku mmoja, si wakazi. Kinyume chake, Agosti shule huwa zimefungwa, kwa hiyo mji wenye shule kubwa ya bweni huonekana mdogo kuliko ulivyo muhula ukiwa wazi. Muuza mikate na muuza maji wanapaswa kuiongeza shule hiyo kwa mkono, kwa idadi ya wanafunzi watakayoipata kwa mwalimu mkuu.

Kutafuta majina ndani ya faili kuna mitego midogo midogo. Ukiandika "Samburu" utaletewa Samburu ya Kwale, ile ya njia ya Nairobi, na pia Kaunti ya Samburu ya kaskazini yenye watu 310,327. Angalia uko kwenye kurasa za kaunti gani kabla hujanakili. Lunga Lunga huandikwa kwa maneno mawili pahali pengine na kwa neno moja pengine, basi jaribu yote mawili. Na lokesheni ikiwa ina jina moja na lokesheni ndogo iliyo ndani yake, mstari wa juu ndio mkubwa. Wa chini ni sehemu yake. Watu wengi huinakili safu nzima kwenye programu ya hesabu na kubonyeza jumla, wakapata idadi ya ajabu, kwa sababu mtu yuleyule ameandikwa kwenye mstari wa kaunti, wa kaunti ndogo, wa lokesheni na wa lokesheni ndogo. Chagua ngazi moja ubaki nayo. Ondoa na koma za maelfu kabla ya kuanza hesabu, la sivyo programu nyingine huzichukua nambari kama maneno. Kwenye simu, ukikuza ukurasa vichwa vya safu hutoweka juu, na safu ya kaya husomwa kama ya wanawake. Chapisha kurasa zako tatu nne kwenye karatasi uondokane na shida.

Kwa nambari ya leo, juzuu hili limezeeka na lazima ulisogeze mbele. Kipimo salama ni kasi ya kaunti kati ya sensa mbili. Kilifi ilikuwa na watu 1,109,735 mwaka 2009, ikafika 1,453,787: kama asilimia 2.7 kwa mwaka. Kwale ilitoka 649,931 hadi 866,820, asilimia 2.9. Mombasa ilitoka 939,370, asilimia 2.5. Kwa upande wa Kilifi, zidisha idadi ya 2019 kwa 1.027 mara moja kwa kila mwaka uliopita. Kwa miaka sita Rabai yote inakaribia 141,800. Hayo ni makadirio ya kuamulia ukubwa wa tangi, si ya kupeleka mahakamani. Kama unataka kasi ya lokesheni ndogo yenyewe, tazama kwanza safu ya eneo kwenye ripoti ya 2009 na ya 2019. Eneo likiwa limebadilika, lokesheni ilikatwa au mpaka ulisogezwa, na ukuaji utakaoupata ni wa mstari wa ramani, si wa watu.

Juzuu linakupa kilomita za mraba lakini halikuonyeshi mpaka unapopita. Kwa hiyo linahitaji mwenzake: karatasi ya ramani ya Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, ya kipimo cha 1:50,000. Kila karatasi inachukua dakika 15 za latitudo na 15 za longitudo, kama kilomita 27.7 kila upande. Sentimita mbili ni kilomita moja, na miraba iliyochorwa juu yake ni ya kilomita moja moja, hivyo kupima eneo ni kuhesabu miraba tu: mzima ni moja, uliozidi nusu uhesabu, uliopungua uache. Mistari ya kahawia ni kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja; ikibanana, pale ni mteremko na hapajengwi wala maji hayapandi bila pampu. Mstari wa buluu uliokatikakatika ni kijito cha msimu, kinachojaa masika na kubaki mchanga mtupu kaskazi ikivuma. Mapaa ya miaka ya karibuni usiyatafute humo, wala reli ya SGR iliyofunguliwa 2017. Karatasi ni ya kilima, bonde na njia ya maji, na kwa hayo bado haijapata mpinzani.

Wengi hukosea hapa: ramani hizo zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa kuweka mahali kwa nambari uitwao Arc 1960, na simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua nambari za simu ukaziweka moja kwa moja kwenye karatasi, unakwenda kombo karibu mita 300, zaidi kaskazini-kusini. Kwenye karatasi ni milimita sita, hata hazitishi. Kwenye mji mdogo mita 300 zinakuhamisha kutoka upande mmoja wa reli hadi wa pili, na pale Mazeras zinaweza kukubadilishia kaunti. Weka programu ya ramani kwenye Arc 1960, UTM eneo la 37 kusini, kabla hujaanza. Kama programu haina uwezo huo, simama kwenye kitu kinachoonekana kwenye karatasi, makutano ya reli na barabara kwa mfano, upime tofauti, kisha uitoe kwa kila nambari inayofuata.

Anayechimba kisima asitosheke na idadi ya watu hata ikiwa kubwa. Kutoka Mazeras kwenda bara, mawe ya chini yanabadilika: ya Mazeras, kisha ya Mariakani, kisha ya Maji ya Chumvi, kisha ya Taru. Jina la Maji ya Chumvi lilitolewa na watu walioyaonja. Huko ndani kisima huweza kutoa maji mengi ambayo hayanyweki, na mvua nazo hupungua kadiri unavyoiacha bahari. Ndiyo maana lambo na tangi la maji ya paa vina thamani kubwa kule. Juzuu la IV lina jedwali la vyanzo vya maji ya kunywa, lakini linaishia kaunti ndogo. Linakuambia Rabai kwa jumla, haliambii kijiji chako. Kupanga kioski, tumia hesabu ya mtungi: lita 20 kwa mtu kwa siku ni kiwango cha chini. Watu 4,500 wa mfano wetu wa barabarani wanataka mitungi 4,500, lita 90,000. Tangi la lita 10,000 lazima lijae mara tisa kwa siku, na ukiona bomba haliwezi hivyo, punguza ahadi kabla hujanunua tangi.

La III kwa mji mdogo lipite haraka: umri hauteremki hadi ngazi unayoitaka. La I ni la mwandishi wa habari.

Mpaka wa lokesheni ndogo wenyewe mwulize naibu wa chifu na wazee wa nyumba kumi. Mara nyingi unafuata kijito, reli au njia ya zamani, na mzee atakuonyesha kwa mti: kutoka mbuyu ule mpaka kalvati. Nenda na nakala ya ramani, karatasi yenyewe iache nyumbani ndani ya mrija wa plastiki, maana unyevu wa Mombasa huivimbisha na kipimo kikapotea. Chora kwa penseli. Wino na jasho la mkono saa sita mchana havikai pamoja, na mzee akirudi kukusahihisha kwamba mpaka unapita upande ule wa kalvati, utahitaji kufuta.